Kisigino Kinachomoka, Nichukue Namba Gani?

Swali

"Fundi, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Mombasa, wodi ya watu wazima, zamu ya masaa 12 na sehemu kubwa ni kusimama. Jioni visigino vinawaka moto na kiuno kinauma. Mwenzangu aliyewahi kufanya kazi Ulaya anavaa zile klogi za ngozi, zilizofunikwa mbele na wazi nyuma, na hataki kusikia kiatu kingine. Nimeziona Kongowea kwa muuza mitumba: jozi moja ina soli ya mbao, namba 38, nyingine nyeusi, nzito, soli kama ya plastiki, namba 39. Mimi huvaa 38. Ile 38 inanibana juu ya mguu, ile 39 kisigino kinachomoka nikitembea. Nichukue ipi? Na nikishanunua nitaitunzaje na huu unyevu wetu?"

Jibu

Marahaba, dada. Nianze na hilo la kisigino, maana ndilo linalowafanya watu wengi wanunue klogi ndogo kisha waje kwangu na malengelenge.

Klogi kisigino chake huchomoka. Ndivyo ilivyokusudiwa. Raba ya kamba hushika mguu nyuma, kando na juu, na soli yake hukunjika pamoja na unyayo wako. Klogi soli yake ni ngumu, haikunjiki, iwe ya mbao iwe ya plastiki. Sasa wewe ukipiga hatua unyayo lazima ukunjike penye vidole, kiatu hakikunjiki, basi cha kuachana na mwenziwe ni kisigino. Kikiwa hakiinuki hata kidogo, klogi hiyo ni fupi kwako. Kiinuke kiasi gani? Mimi hutumia upana wa kidole changu cha shahada: sentimita moja, moja na nusu. Kikizidi hapo, na ukajiona unakunja vidole ndani ili kiatu kisikutoke, hapo kweli pana kasoro, na mara nyingi kasoro haiko nyuma. Iko juu.

Kwa sababu klogi hushika mahali pamoja tu: mgongo wa mguu, pale ngozi inapopita juu kabla ya kifundo. Hapo pakikaa sawasawa, kisigino kitapanda na kushuka na kiatu hakiendi popote. Hapo pakilegea, utakitafuta kiatu njiani. Kwa hiyo ukijaribu klogi dukani, usianze kupapasa nyuma. Simama, uzito wote kwenye mguu mmoja, kisha usikilize juu. Unataka ikukumbatie kama mkono wa mtu anayekusalimu vizuri: unausikia, lakini haukuumizi. Ikiacha alama nyekundu baada ya dakika kumi, imekaza. Ukiweza kuingiza kidole chote kati ya ngozi na mguu, imelegea.

Sisi watu wa pwani hatukupaswa kufundishwa hili na mtu. Mitalawanda ya bibi zetu, ile ya mti yenye msuruaki wa kubana kati ya kidole gumba na cha pili, haikuwa hata na ukanda, na mtu alitoka nayo chooni hadi uani ikilia ko, ko, ko wala haimtoki. Ila tofauti ni hii: mtalawanda hushikwa kwa vidole, na vidole haviwezi kushika masaa 12. Uani sawa, wodini hapana. Ndiyo maana nasema ukijikuta unakunja vidole ndani ya klogi, umerudi kwenye mtalawanda pasipo msuruaki.

Hizi klogi zenyewe ni kiatu cha nchi za tope na baridi. Waholanzi walichonga gogo zima likawa kiatu. Waingereza wa Lancashire, kwenye viwanda vya pamba, walipigilia ngozi juu ya soli ya mbao na wengine wakatia chuma chini kama kwato ya farasi. Waswidi na Wadenmaki ndio waliokuja na hii yako: ngozi mbele, nyuma wazi, imefungwa kwenye soli kwa pini kama za stepula. Kampuni ya Sanita ya Denmark inahesabu mwanzo wake tangu 1907. Mwaka 1990 mume na mke wa Pennsylvania, Marekani, waliopenda viatu hivyo walianza kuviuza kwao kwa jina la Dansko, na kutoka hapo vikawa viatu vya manesi na wapishi. Hiyo nyeusi nzito uliyoiona nadhani ni ya ukoo huo: soli ya polyurethane (aina ya plastiki), ngozi iliyopigwa pini pembeni, na ndani fremu ngumu inayozuia soli isikunjike.

Kwa nini inawasaidia wanaosimama? Soli ngumu hukupunguzia kazi ya viungo vya vidole, chini yake imepinda kidogo mbele kama kiti cha bembea kwa hiyo inakuvingirisha badala ya kukukunja, na mbele pana nafasi ya vidole kutanuka. Basi. Si dawa. Ikiwa kisigino kinakuchoma hatua ya kwanza asubuhi unapoteremka kitandani, halafu kinapoa ukitembea, hilo mwonyeshe daktari hapo hapo kazini kwenu kabla hujanipa mimi pesa yako.

Sasa namba. Wewe "huvaa 38" ya nani? Namba za Ulaya kila moja ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7 hivi, na zinapima kalibu ambayo kiatu kilitengenezewa, si mguu wako. Namba 38 ni kalibu ya sentimita 25.3, namba 39 ni sentimita 26. Raba zako za 38 pengine zimekwisha kutanuka, au umezizoea kubana bila kujua. Pima upya, na pima baada ya zamu, si asubuhi, kwa kuwa miguu ya jioni imevimba na klogi utaivaa jioni vilevile. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake na kisigino kiguse ukuta, mtu mwingine atie alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, si gumba). Ukiinama mwenyewe kutia alama uzito unahama na kipimo kinapotoka. Pima miguu yote miwili. Watu wengi miguu yao haiko sawa. Nunua kwa ule mkubwa.

Chukua sentimita ulizopata, ongeza 1.5, zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 24 unakupa 38.25. Mguu wa 24.4 unakupa 38.85, na huyo ni wa 39 bila mjadala. Klogi nyingi hazina namba za nusu, kwa hiyo ukiangukia katikati panda juu. Ngozi itatanuka upana kwa kadiri, lakini urefu hautatanuka hata ukiivaa hadi Kiama, maana urefu ni wa soli.

Nikiangalia maneno yako, 38 ikibana juu na 39 ikichomoka nyuma tu, nadhani wewe ni wa 39. Lakini hiyo 38 ni ya mbao na hiyo 39 ni ya plastiki, na hizo si kiatu kimoja kwa ukubwa tofauti. Ya mbao mara nyingi ngozi yake huwa imekatwa chini zaidi juu ya mguu, na haina sponji ya kuficha kosa. Inaweza kukubana kwa sababu mgongo wa mguu wako ni mrefu kwenda juu, si kwa sababu ni fupi. Irudie uivae tena, usukume mguu mbele mpaka vidole viguse, uone kisigino chako kimekaa wapi. Kwenye klogi iliyo wazi nyuma, kisigino kikae ndani ya ukingo wa soli na nafasi ndogo ibaki nyuma yake. Kikining'inia nje, waachie. Kikiwa ndani vizuri na tatizo ni juu pekee, fundi anaweza kukutanulia.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna jambo la mitumba ambalo ningelisema kwa sauti kubwa kama ningekuwa Kongowea nawe.

Soli ya polyurethane hufa kimyakimya. Unyevu wa hewani huivunja taratibu kutoka ndani, na haijali kama kiatu kimevaliwa au kimelala ndani ya boksi. Bali kilicholala huwa kibaya zaidi, kwa sababu mtu anakiona kipya. Inachukua miaka mitano, pengine kumi, kutegemea aina yake na joto la mahali. Na hapa kwetu joto na unyevu vyote tunavyo, tena vya bure. Siku moja unatembea, soli inaanza kuachia vipande kama mkate mkavu, na kufika jioni umebaki na ngozi nzuri iliyokaa juu ya vumbi. Nililijua hilo kwa aibu. Miaka ya nyuma nilinunua jozi moja nyeupe, safi, haina hata mchubuko, nikampa mteja wangu mmoja mama mtu mzima kwa bei nzuri. Wiki ya pili akarudi na kisigino ndani ya mfuko wa plastiki. Hakunifokea. Aliuweka tu mfuko mezani akaniangalia. Nilimrudishia pesa zake, na nikajifunza kubonyeza.

Basi bonyeza. Tia ukucha wa gumba kwa nguvu ubavuni mwa soli karibu na kisigino. Soli hai inarudi. Inayokufa inabaki na shimo la ukucha, au inanata, au inameng'enyeka. Shika kiatu kwa mikono miwili ukipinde kidogo, uangalie nyufa nyembamba pale soli inapokutana na ngozi. Nusa. Angalia ndani ya boksi au mfuko kama kuna chembechembe. Mara nyingi chini ya soli kuna alama ya mviringo kama saa yenye mwaka na mishale ya mwezi. Ukiikuta, umepata cheti cha kuzaliwa. Ikishapita miaka minane mimi siinunui hata kwa bei ya soda. Soli ya namna hiyo haishikiki gundi tena: fundi atakuambia atakuwekea ya mpira, na kweli anaweza kuikata yote akabandika mpira mpya, lakini ukijumlisha bei ya kiatu na kazi yake utakuwa umekaribia bei ya kipya.

Ya mbao haina ugonjwa huo. Ina wake. Itazame uvunguni, pale palipo pembamba, kama kuna ufa unaofuata nyuzi za mti. Ufa ukiwa mrefu kama kidole, hiyo itagawanyika ukiwa ngazini. Fuata mstari wa pini pande zote: zilizoota kutu zimekula mbao kandoni mwake, na ngozi ukiivuta kidogo itakuonyesha kama bado zina meno. Chini kwa kawaida hubandikwa mpira. Ukiisha si neno, huo fundi yeyote hubadilisha kwa muda wa kunywa chai.

Halafu weka jozi mezani, iangalie kwa nyuma. Kisigino kilicholika upande mmoja ni mwendo wa mtu mwingine, na wewe utalazimishwa kuufuata. Tia mkono ndani. Ngozi ya ndani hubeba nakshi ya mguu wa mwenyewe wa kwanza: bonde la gumba, shimo la kisigino. Ikiwa mabonde yake hayalingani na vidole vyako, utavaa kitanda cha mwenzio na hutalala vizuri. Kwa hili mimi ni mkali kuliko mafundi wengine. Klogi ya mtumba iliyovaliwa kidogo ni bahati. Iliyovaliwa sana ni ya huyo aliyeivaa.

Na ngozi je, ni ngozi? Usiwashe kiberiti, muuzaji atakufukuza na ana haki. Angalia ukingo uliokatwa juu ya pini. Ngozi ukingoni ina nyuzinyuzi, kama sufi iliyogandamizwa. Bandia ina kitambaa chini na tabaka la plastiki juu, na kwenye mkunjo huwa imeanza kubanduka. Bonyeza kwa gumba: ngozi hufanya mikunjo midogo inayotawanyika, bandia hubonyea kipande kizima. Kuna ngozi iliyopakwa tabaka la kung'aa, hiyo kwa hospitali nzuri sana, maji na uchafu havizami. Kuna ya mafuta, inayobadilika rangi ukiikunja. Hiyo hupendeza inavyozeeka, lakini hunywa kila kinachoimwagikia. Na kuna ile ya rangi ya asali, iliyoivishwa kwa maganda ya miti. Maganda hayo huenda yametoka kwetu: mashamba ya miwati ya Njombe, Tanzania, yalianzishwa 1949 kwa ajili ya hayo, na nyanda za juu za Kenya, upande wa Eldoret, nako iliwahi kulimwa kwa wingi. Ngozi ya namna hiyo ni nzuri hasa, na watu wa Siyu, kule kisiwa cha Pate, walipata jina kwa kazi zao za ngozi kabla hatujajua namba 38 ni nini. Lakini tone la maji likiingia huacha doa, kwa hiyo si ya wodini.

Umenunua. Usiende nayo zamu siku ya kwanza. Kwanza ndani: pitisha kitambaa kilichoguswa na spiriti, kidogo, kisha uziache mahali penye upepo na kivuli siku mbili tatu. Fangasi wa mwenzio hana adabu. Baada ya hapo vaa nyumbani na soksi, saa moja leo, mbili kesho, kwa wiki nzima. Fupisha hatua. Klogi haipendi hatua ndefu wala kukimbia, na hapa nakuonya kama mtu aliyeona vifundo vilivyoteguka: kisigino kilicho juu sentimita kadhaa kwenye soli ngumu kikiteleza ubavuni, mguu unapinduka wote. Ngazini kwenda chini shika reli. Kwenye pikipiki usiivae kabisa, itabaki barabarani na wewe utakuwa umefika. Iache kazini kwenye kabati lako, nenda na urudi na viatu vyako vya njiani. Na kwa usafi pia ni bora vijidudu vya wodi visije kulala chini ya kitanda chako.

Ukingo wa juu ukikukata ngozi ya mguu, usikimbilie kuikata. Chukua kijiko, ukisugue ukingo kwa mgongo wake, ndani na nje, mpaka ulainike. Ikibana upana, fundi ataitia kwenye kalibu usiku mmoja. Mwambie atanue kidogokidogo, kwa sababu ukiivuta kwa pupa pini zinang'oka upande mmoja, na pini iliyong'oka mara moja hairudi vizuri kwenye tundu lake. Dawa ya tundu lililolegea kwenye mbao ni njiti ya kibiriti iliyochovywa gundi ya mbao, isukumwe ndani, ikauke, ndipo upige pini mpya pembeni kidogo. Fundi anayepiga pini kubwa zaidi kwenye tundu lile lile anakupasulia mbao.

Matunzo sasa, na hapa nitakuchosha kidogo kwa sababu manesi ndio wateja wangu wanaoua viatu kwa usafi.

Jiki haifai kwenye ngozi. Najua mnayo, najua kwenu damu ikimwagika sakafuni hutumiwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, na hiyo ni kanuni ya maisha ya watu, siipingi. Lakini klorini hula nyuzi za ngozi, huipausha, huifanya ivunjike kama jani la mgomba lililokauka, na huotesha pini kutu. Kwa hiyo jiulize kazi yako ni wapi. Wodi ya kawaida, dawa na vitanda, klogi ya ngozi yenye tabaka la kung'aa ni sawa. Ukihamishiwa leba au chumba cha upasuaji, iache. Huko chukua za plastiki laini zilizofinyangwa kipande kimoja, zinazooshwa na kuchovywa kila siku. Ngozi haioshwi hivyo, na kiatu kisichoweza kuoshwa hakina kazi mahali pa damu. Tena ikiwa yako ina matundu ya hewa kandoni, hata wodini sindano ikianguka hujui itaingilia wapi. Chagua isiyo na matundu.

Kwa uchafu wa kawaida: kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande kidogo, kikamuliwe vizuri, ufute, kisha kitambaa kingine kikavu. Kila mwisho wa zamu, dakika mbili. Spiriti mara moja moja kwa doa, si kila siku, kwa kuwa huondoa tabaka la juu. Soli chini isugue kwa brashi, hasa mifereji yake, ikijaa nta ya sakafu inateleza hata ikiwa mpya.

Kiwi ya kopo, rangi ya kiatu au isiyo na rangi, kila wiki mbili kwa ngozi ya kawaida. Paka kidogo, acha dakika kumi, piga brashi. Ile ya maji yenye sponji kichwani inayong'arisha papo hapo siipendi: kila siku inaongeza utando, utando unakauka, mwezi wa tatu mkunjo wote umepasuka na wateja wanasema ngozi ilikuwa mbovu. Ya tabaka la kung'aa haihitaji kiwi, kitambaa tu. Ya mafuta ipe krimu ya ngozi au nta ya nyuki mara moja kwa mwezi.

Mafuta ya nazi, najua utauliza. Kila mtu hapa huuliza. Yanaingia upesi na kwa siku mbili kiatu kinapendeza. Baadaye ngozi inageuka nyeusi kwa madoa, inalegea, vumbi linaganda, mafuta yanachacha na sisimizi wanakuja. Nazi tuiachie wali na nywele. Ya kupikia vilevile.

Ukungu ndio adui wetu wa masika. Ukiona vumbi la kijani au jeupe, toa kiatu nje kwanza, usilipigie brashi ndani ya nyumba. Futa kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha kikauke kivulini penye upepo, kisha paka kiwi. Usifungie klogi kwenye mfuko wa plastiki wala boksi lililobana. Weka mahali hewa inapita, ndani tia magazeti makavu na uyabadilishe yakilowa. Zikilowa na mvua ni magazeti hayo hayo, na subira. Si juani, si nyuma ya friji, si jikoni karibu na jiko. Ngozi iliyolowa ikipata joto hujikunja na kuwa ngumu, na mbao iliyolowa ikikaushwa haraka hupasuka usiku ukasikia mlio. Zile za mbao, mara mbili kwa mwaka, sugua ukingo ulio wazi kwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba, futa yaliyobaki. Mafuta hayo huzuia maji kuingia kwenye nyuzi.

Na ukiweza, kuwa na jozi mbili ubadilishane. Jasho la masaa 12 halikauki usiku mmoja, sembuse hapa.

Kwa hiyo nenda Kongowea na ukucha wako. Ile 39 nyeusi ukibonyeza soli ikarudi, mabonde ya ndani yakakupokea, na juu ya mguu ikakushika, chukua, na kisigino kiache kichomoke. Ukikosa, usiingie kwa ile 38 kwa sababu tu umeshalipa nauli. Na hata ukiipata, kabla hujalipa panda nayo na ushuke ngazi mbili tatu. Muuzaji akikukataza kuijaribu ngazini, mwambie huendi kulala nayo.